Maneno 1,000 kwa siku na deni lisilolipika

Swali: "Niko siku ya 17 ya riwaya yangu ya kwanza. Nilijipangia maneno 60,000 kwa siku 60, yaani 1,000 kila siku. Nimeajiriwa na nina mtoto mdogo, kwa hiyo naandika usiku, saa nne hadi saa tano na robo. Siku tisa za mwanzo nilikwenda vizuri, nikapata 8,100. Kisha mtoto akaugua, nikapoteza siku tatu. Jumamosi moja nikakaa kutwa nzima kulipa deni, nikaandika 2,400. Siku mbili zilizofuata sikuandika hata mstari. Sasa nimerudi kwenye kawaida yangu ya 700 hadi 800, jumla ni 12,000, na kila nikifungua faili naona ninavyodaiwa. Je, lengo ni kubwa mno, au mimi ndiye mvivu?"

Uvivu siuoni katika hesabu ulizoleta. Ninachoona ni mgawanyo uliokosewa tangu mwanzo. 60,000 kwa 60 ni 1,000, na jibu limekaa vizuri kiasi kwamba mtu haoni haja ya kulikagua. Lakini zitazame siku zako tisa za mwanzo, zile unazosema zilikwenda vizuri. Maneno 8,100 ni wastani wa 900. Ulikuwa unadaiwa 900 kabla mtoto hajapata hata homa, tena katika siku ambazo hamu ni mbichi na sura ya kwanza mtu ameibeba kichwani kwa miezi. Ugonjwa umelifanya deni lionekane tu.

Ile Jumamosi nayo ipigie hesabu. 2,400 siku moja, sifuri siku mbili: gawanya kwa tatu, unapata 800. Umeumaliza mgongo kutwa nzima ili upate kile ambacho ungekipata kwa siku tatu za kawaida, huku umelala vizuri.

Lengo la siku hutokana na namba tatu: kasi yako, siku zako za kazi na urefu wa kitabu. Wengi huanza na urefu, wakaruka kasi, na siku za kazi wakazichukua kutoka kwenye kalenda.

Kasi yako tunaijua. 750 kwa dakika 75 ni maneno 10 kwa dakika. Kwa rasimu ya kwanza, usiku, baada ya kazi, hiyo ni kasi ya heshima. Anthony Trollope, Mwingereza aliyeandika riwaya zaidi ya 40 huku kwa miaka mingi akiwa mfanyakazi wa posta, aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa, ambayo ni kama 17 kwa dakika. Lakini aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika jana, na alifika mezani akiwa ameshawaza. Kasi ya namna hiyo usiifuate. Kilicho cha kuiga kwake ni ile saa: alipima kwa robo saa, kwa hiyo alijua mapema kama siku inamponyoka.

Asiye na kumbukumbu kama zako afanye vikao sita vya dakika 30, katika saa zilezile atakazokuwa akiandikia siku zote, aandike idadi ya kila kikao, kisha azipange kutoka ndogo hadi kubwa. Achukue wastani wa ile ya tatu na ya nne. Namba kubwa kuliko zote ni ya siku ambayo alikuwa anaandika mazungumzo aliyoyafikiria kwa wiki nzima. Akiifanya kipimo, atajiona ameshindwa siku tano kati ya sita. Pia asichukue idadi ya nusu saa akaizidisha mara nne ili apate ya saa mbili. Dakika kumi za mwanzo huenda katika kuingia ndani ya habari, na baada ya saa moja na nusu hivi waandishi wengi huanza kurudia sentensi walizokwisha kuziandika.

Sasa siku za kazi. Umebakiwa na siku 43. Ondoa siku moja ya kupumzika kila wiki, zinakwenda 6, zinabaki 37. Ondoa nyingine 4 kwa ajili ya mambo yasiyotangaza ujio wake: homa, mgeni, umeme, safari ya ghafla. Katika siku 17 zilizopita umepoteza tano, kwa hiyo nne kati ya 37 ni makadirio ya mtu mwenye matumaini. Zinabaki 33.

Maneno yaliyobaki ni 48,000. Gawa kwa 33: 1,455 kwa siku. Hilo ndilo lengo ulilojiwekea bila kujua, na kwa kasi yako linadai karibu saa mbili na nusu kila usiku. Huna saa mbili na nusu. Kwa 750 zako, siku 33 zitakupa 24,750, na siku ya 60 itakukuta na maneno 36,750.

Ukiipindua hesabu, picha inakuwa nyingine kabisa. 48,000 ukigawa kwa 750 ni siku 64 za kazi. Kwako siku 33 za kazi zinakula siku 43 za kalenda, hivyo 64 zitakula kama 83. Jumlisha 17 zilizopita: unamaliza siku ya 100. Rasimu nzima ya riwaya kwa siku 100, ukiwa na ajira na mtoto mdogo, bado ni kuandika haraka sana.

Kama kuna sababu ya kweli ya kubaki karibu na siku 60, mfano tarehe ya mwisho ya shindano, ongeza kikao cha pili. Dakika 35 alfajiri kwa kasi yako ni maneno 350. Jumla inakuwa 1,100 kwa siku, na unamaliza siku ya 74 hivi. Hizo dakika 35 zisitoke kwenye usingizi. Zikitoka huko, kikao cha usiku kitashuka kutoka 750 hadi 400 ndani ya wiki mbili na utakuwa umefanya kazi zaidi kwa maneno yaleyale. Njia ya tatu ni kufupisha kitabu, lakini ifuate pale tu hadithi yenyewe inapokuruhusu: mhusika wa pembeni mwenye sura zake nne ambaye akiondoka hakuna kinachoanguka, aondoke sasa kabla hujamwandika. Mimi ningechagua kusogeza tarehe. Msomaji wa kitabu hatajua kamwe kilichukua siku ngapi.

Namba za wengine

Huenda pia umekutana na 1,667, namba inayotajwa kila panapozungumzwa kuandika riwaya haraka. Inatoka National Novel Writing Month, changamoto iliyoanzishwa na Chris Baty na wenzake, jumla yao 21, eneo la San Francisco mwezi Julai 1999, kisha ikahamia Novemba mwaka uliofuata. Masharti yalikuwa maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, na 50,000 ukigawa kwa siku 30 za Novemba unapata 1,667. Basi. Hakuna aliyepima uwezo wa mtu akafika hapo; ni kalenda tena. Taasisi iliyokuwa ikiiendesha ilitangaza kufunga milango mwaka 2025, namba yake imebaki ikizunguka.

Kwa anayeandika Kiswahili kuna jambo la ziada. Namba hizo zilitungwa na watu wanaohesabu maneno ya Kiingereza, na neno letu hubeba mzigo mkubwa zaidi. "Hawakunisubiri" ni neno moja. Mwingereza anahitaji sita kusema hivyohivyo. Kweli, viunganishi vyetu vya "wa", "ya" na "kwa ajili ya" hurudisha sehemu ya tofauti hiyo, lakini si yote. Maneno 50,000 ya Kiswahili yana habari nyingi kuliko 50,000 ya Kiingereza, kwa hiyo 750 zako za usiku si ndogo kama zinavyoonekana ukizipanga kando ya namba za mwandishi wa Kiingereza.

Hapohapo pana mtego. Mtu anayefukuzia idadi hugundua haraka kwamba kitenzi cha Kiswahili kinafumuka. Tazama:

Alipofika mlangoni aligundua.

Wakati ambapo alikuwa amefika katika mlango aliweza kugundua.

Maneno matatu yamekuwa manane, na hakuna kilichoongezeka isipokuwa uchovu wa msomaji. Ukiona "wakati ambapo", "katika kipindi cha", "aliweza ku-" na "kitendo cha" vimeanza kujaa kwenye ukurasa, jua kwamba lengo limezidi habari uliyonayo kwa siku hiyo. Simamisha saa, fikiria tukio, au lala. Kufumua vitenzi ili kufikisha idadi ni kujikopesha kwa riba: kila "wakati ambapo" utalazimika kuirudisha iwe "-po-" kwa mkono, moja moja, wakati wa kuhariri.

Sakafu na dari

Lengo moja lina ubaya wa kukufanya mshindi au mshindwa kila siku. Weka matatu.

Sakafu ni kiasi unachoweza kuandika hata siku mbaya, kwa dakika 20 hadi 25. Kwa kasi yako ni 250. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kesho unapofungua faili bado unakumbuka mhusika amesimama wapi na ana hasira na nani. Anayekaa siku tatu bila kugusa hadithi hutumia kikao kizima cha nne kusoma upya, na maneno anayopata siku hiyo ni machache hata kama muda anao. Ukifikisha sakafu, siku imehesabiwa, umelipa. Siku ya mtoto kulazwa haina sakafu. Hiyo iko ndani ya zile nne tulizozitenga.

Kawaida ni 750. Ndiyo namba ya kupangia mradi.

Dari ni 1,200, na hii ndiyo watu hawaitaki. Kwa nini mtu ajizuie siku anayotiririka? Kwa sababu vidole si vinavyochoka kwanza. Unapokaa kuandika una akiba ya mambo uliyokwisha kuyawaza: tukio moja au mawili, mazungumzo, namna sura itakavyofungwa. Ukiandika 750 unatumia sehemu, na saa zinazofuata, ukiwa kazini au unaosha vyombo, akili inajaza tena bila wewe kuilazimisha. Ukiandika 2,400 unakomba sufuria. Siku mbili ulizokaa bila mstari hata mmoja baada ya Jumamosi hazikuwa uzembe. Hapakuwa na kitu cha kuandika.

Kupita kawaida nako kuna namna yake. Mwaka 1958 yalichapishwa mahojiano na Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, ambamo imeelezwa chati ya kadibodi aliyoiegemeza ukutani, ameandika idadi ya maneno ya kila siku: 450, 575, 462, 1,250, 512. Ile 1,250 inashtua katikati ya wenzake. Maelezo ni kwamba siku za namba kubwa alifanya kazi ya ziada ili kesho yake aende kuvua samaki bila dhamiri kumsuta. Alilipa kabla ya kukosa. Hilo lina tofauti kubwa na ulichofanya wewe, kwa kuwa anayeweka akiba huandika akiwa na habari mkononi na anajua mapumziko yanakuja, ilhali anayelipa deni huandika akiwa ameshachoka na mbele yake kuna siku nyingine ya kawaida. Kama unajua Alhamisi kuna sherehe, ongeza 250 Jumatatu, 250 Jumanne na 250 Jumatano. Hutavuka dari wala hutadaiwa.

Deni lenyewe lifute. Kulisogeza mbele ni kulifuga. Mara moja kwa wiki, siku ileile, chukua maneno yaliyobaki ugawe kwa siku za kazi zilizobaki. Jibu likibaki karibu na 750, endelea. Likifika 850, sogeza tarehe ya mwisho kwa siku chache wakati huohuo, kwa kalamu. Usiifanye hesabu hii kila usiku. Ukiifanya kila usiku, usiku mmoja mbaya unabadilisha lengo la kesho, kesho unashindwa, lengo linapanda tena, na ndani ya siku kumi unajikuta na namba ambayo hata Trollope angeikimbia.

Nini kinahesabiwa

Maneno mapya ya hadithi tu. Muhtasari, maelezo ya wahusika na ulichosoma kwa ajili ya utafiti viwekwe faili nyingine. Pia usihariri katika kikao cha kuandika. Wengi hukwama hapa bila kujua: anaandika 600, anafuta 450 za jana, jumla imepanda kwa 150, anajiona hajafanya kitu. Sura usiyoipenda iache ilivyo, weka alama mwanzoni na mwishoni, songa mbele. Kama kwenye sura ya sita umeamua kwamba kaka wa mhusika ni dada, andika kuanzia hapo kana kwamba alikuwa dada siku zote, na juu ya ukurasa weka kumbukumbu ya kurekebisha huko nyuma.

Alama iwe xx. Herufi x haimo katika alfabeti ya Kiswahili, kwa hiyo siku ya kuhariri utatafuta xx kwenye faili na kila utakachokipata ni shimo uliloliacha mwenyewe. Tumia xx kwa jina usilolikumbuka, umri, tarehe, umbali, chochote ambacho kingekufanya ufungue intaneti. Kuangalia jambo moja la dakika mbili kwa kawaida humeza dakika 20, na kwako dakika 20 ni maneno 200.

Hesabu ifanywe na programu ileile siku zote. Programu huhesabu kwa nafasi, na kuna zinazochukua kistari kilichotengwa pande zote mbili kuwa neno. Mwenye mazungumzo yanayoanza kwa vistari anaweza kupata idadi mbili tofauti kwa faili moja akihama kutoka kompyuta kwenda simu. Anayeandika kwa mkono ahesabu maneno ya mistari kumi iliyojaa. Tuseme ni 84, basi mstari mmoja ni 8.4, daftari lenye mistari 26 kwa ukurasa linampa 218, na kwa kuwa mistari ya mazungumzo hukatika mapema, apunguze sehemu ya kumi, abaki na 195 hivi. Kurasa nne ni kawaida ya siku. Baada ya hapo asihesabu tena neno kwa neno, kurasa zinatosha.

Mistari mitatu kabla ya saa kuanza

Ukiniuliza kitu kimoja kinachopandisha idadi bila kuongeza dakika, nitataja hiki. Kabla ya kikao, ikiwezekana mchana, andika mistari mitatu kuhusu tukio linalofuata: nani anataka nini, nini kinamzuia, na mwisho wa tukio kitu gani kimebadilika. Hivi:

Rehema anataka kaka yake atie saini hati ya nyumba.
Kaka ameshaiuza, hajui ataanzaje kusema.
Mwisho: Rehema anaiona risiti kwenye koti, ananyamaza.

Dakika tano, pengine saba. Ukikaa usiku, swali la "niandike nini" limeshajibiwa, limebaki la "niandikeje", ambalo vidole vinaweza kulijibu. Na rasimu inaweza kutoka hivi: "Rehema alilichukua koti akalitundike. Karatasi ikadondoka. Ilikuwa risiti, imegongwa muhuri wa xx, tarehe ya mwezi uliopita. Aliikunja palepale ilipokunjwa, akairudisha." Si nzuri wala si mbaya. Ipo, na xx itajazwa wakati wa kuhariri.

Tukio la aina hii, linalotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, mara nyingi lina maneno 1,200 hadi 1,500. Kitabu chako cha 60,000 ni matukio 40 hadi 50. Kwako kila tukio ni vikao viwili, na hilo linakufaa kwa sababu unaweza kukatisha katikati. Hemingway huyohuyo alishauri kuacha wakati bado unajua kinachofuata, na ushauri huo una faida hata kwa asiyependa uandishi wake: ukiishia mwisho wa sura, kesho unaanza na ukurasa mtupu, ukiishia pale Rehema ameinama kuokota karatasi, kesho unaanza na mkono wake. Ukibakiwa na sentensi kichwani saa ikigonga, iandike kwa ufupi chini kabisa ya ukurasa ikuongoze.

Usitegemee pia kwamba kasi itakuwa moja kitabu kizima. Mazungumzo huenda mbio, maelezo ya mahali hujikokota. Mwanzo una msukumo wake. Kisha, kuanzia robo ya kitabu hadi kupita nusu, kwako ni kati ya maneno 15,000 na 35,000, idadi hushuka, kwa kuwa wazo lililokufanya uanze limekwisha tumika na mwisho bado uko mbali. Unakaribia kuingia humo. Kwa wiki hizo tano au sita panga 650 badala ya 750, na mistari mitatu iandike bila kukosa. Kuelekea kilele idadi hupanda yenyewe, kwa sababu mengi yameshaamuliwa na yamebaki kutokea. Huko ndiko utakakozirudisha zile mia mia.

Weka jedwali la safu tano: tarehe, saa ulipoanza, dakika, maneno, na neno moja au mawili kuhusu kilichokuzuia. Baada ya wiki mbili lisome kwa ukali. Ikiwa safu ya mwisho inasema "simu" mara nne, tatizo liko kwenye simu. Ukianza saa nne na nusu unapata 400 lakini ukianza saa nne kamili unapata 780, basi hiyo nusu saa ya mwanzo ina thamani kuliko ulivyodhani. Ukipita 750 kwa urahisi siku kumi mfululizo, panda hadi 825, usiruke hadi 1,000. Na siku tatu mfululizo chini ya sakafu, wakati muda ulikuwepo na umelala vizuri, maana yake hadithi imekosea njia mahali fulani, mara nyingi tukio moja au mawili nyuma: mhusika amefanya jambo kwa sababu ploti inalitaka, yeye mwenyewe hana sababu. Hapo usiongeze juhudi. Tumia kikao kimoja kutafuta alipoacha kutaka kitu, anza tena kutoka hapo, na hicho kikao kihesabu kama siku ya kazi iliyolipwa.

Tenga pia muda wa kuhariri kabla hujamwahidi mtu tarehe. Rasimu iliyoandikwa haraka ipumzike wiki mbili hadi nne, halafu uhariri wa mkupuo wa kwanza unaweza kuchukua muda sawa na wa kuandika.

Kesho saa nne usiku: safu ya deni, kama unayo, ifute. Andika juu ya jedwali 12,000 na siku ya 100. Usisome faili kutoka mwanzo. Soma aya mbili za mwisho tu. Weka saa dakika 25, andika mpaka ilie, simama dakika tano, kisha 25 nyingine na 20 za kumalizia. Ukiona kikao cha kwanza kimekupa 250 na mtoto ameamka analia, funga, mwende. Umeshalipa.